BOLTI ZA ZAMANI KATIKA EKSELI: ZIRUDISHWE AU ZITUPWE?

Ekseli ya gari inapofunguliwa ili itengenezwe, kwanza hutoka magurudumu, kisha ngoma za breki, kisha hafushafti, na mwisho kile kichwa cha difu chenye gia ndani yake. Kazi hiyo ikiisha, huonekana chini, karibu na jeki, mkebe au sufuria kuukuu iliyojaa bolti, nati na washa, zote nyeusi kwa grisi na vumbi. Mwenye gari amekwisha kununua beringi mpya na sili za mafuta, na fedha zake zimepungua sana. Hapo ndipo huulizwa swali lile lile katika kila gereji, iwe ni Nairobi, au Kisumu, au chini ya mwembe huko Kilifi: je, bolti hizi zioshwe na kurudishwa mahali pake, au zitupwe na kununuliwa nyingine?

Wako mafundi wajibuo upesi kwamba chuma ni chuma, na kwamba bolti iliyokaa miaka 10 bila kukatika imekwisha kuonyesha uhodari wake. Wako na wengine wasemao kwamba kitu chochote cha zamani hakifai. Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza laweza kuua watu. La pili humtia mtu gharama isiyo na faida, na pengine, kama itakavyoonekana mbele, humfanya aondoe bolti njema na kuweka mbovu mahali pake. Jibu la haki hutegemea kazi ifanywayo na kila bolti, na mambo yaliyoipata tangu siku ilipofungwa.

BOLTI NI SPRINGI

Watu wengi hudhani kwamba bolti hushika vyuma viwili kama msumari ushikavyo mbao, yaani kwa kusimama katikati na kuvizuia visiteleze. Sivyo. Nati inapokazwa, mwili wa bolti huvutwa na kurefuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Na kwa kuwa chuma cha pua hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, hubana vile vyuma viwili kwa nguvu nyingi. Kubanwa huko ndiko kunakovizuia visiteleze. Bolti iliyokazwa sawasawa ni kama springi iliyovutwa na kuachwa ikiwa imevutwa hivyo hivyo, usiku na mchana, gari likienda au likisimama.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alieleza katika maandishi yake kwamba kadiri springi inavyovutwa kwa nguvu ndivyo inavyorefuka, na ikiachwa hurudi. Jambo hilo ni kweli kwa bolti pia, lakini mpaka kikomo fulani tu. Mtu aweza kujionea mwenyewe kwa springi nyembamba ya kitanda cha zamani: akiivuta kidogo na kuiacha, hurudi ilivyokuwa, akiivuta mno, hubaki imenyooka wala hairudi tena. Bolti iliyovutwa kupita kikomo chake huwa vivyo hivyo. Mwili wake umekuwa mwembamba mahali fulani, na hesi zake, yaani ile mikato inayozunguka mwili, zimeachana kidogo. Imekwisha kula sehemu ya uhai wake. Ikikazwa mara ya pili hurefuka tena, na fundi hana njia ya kujua imebakiwa na kiasi gani kabla haijakatika.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuitilia shaka bolti ya zamani. Lipo jambo la pili, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halitoi habari.

Tarehe 8 Mei 1842, garimoshi lililojaa abiria lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles, katika nchi ya Ufaransa. Ekseli ya injini ya mbele ilivunjika, mabehewa yakapandiana na kushika moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wenye maarifa ya mitambo walishangaa sana, maana ekseli kama hiyo huchukua uzito wake siku nyingi bila kuonyesha dalili ya kushindwa, na haivunjiki kwa sababu ya kuongezwa mzigo. Mwaka uliofuata Mskoti William Rankine alieleza kwamba ekseli za namna hiyo hazivunjiki mara moja. Ufa mdogo huanza mahali ambapo umbo la chuma hubadilika ghafula, nao huingia ndani kidogo kidogo mpaka chuma kizima kilichobaki hakitoshi tena kuubeba mzigo. Baadaye Mjerumani August Wöhler, ambaye alifanya kazi katika shirika la reli, alipima vyuma kwa miaka mingi, kati ya miaka ya 1850 na 1870, na akaonyesha kwamba chuma kikipindwa na kunyoshwa mara nyingi sana huvunjika kwa mzigo ulio mdogo kuliko ule ambao kingeuchukua mara moja bila shida. Wahandisi huuita uchovu wa chuma.

Uchovu huo huipata bolti kama uipatavyo ekseli. Katika bolti, mahali ambapo umbo hubadilika ghafula ni pawili hasa: chini ya kichwa, na katika hesi ya kwanza inayoingia ndani ya nati. Bolti nyingi zilizokatika hukatika hapo. Mwenye kuokota kipande chake na kukitazama vizuri ataona habari zote zimeandikwa: upande mmoja wa mkato ni laini, wenye mistari iliyopindana kama pete za mti uliokatwa, na upande mwingine una chembechembe za kung'aa. Ule upande laini ni ufa uliokuwa ukiingia siku baada ya siku. Wenye chembechembe ni ule uliovunjika katika nukta ya mwisho.

Sasa ni lazima fundi afahamu jambo ambalo wengi hawalijui. Bolti iliyokazwa barabara haisikii mitikisiko yote ya gari. Kwa kuwa vyuma vimebanwa pamoja, sehemu kubwa ya mitikisiko hupita katika vyuma vyenyewe, na bolti hupata kidogo tu. Lakini bolti iliyolegea husikia kila shimo na kila jiwe. Katika barabara za changarawe zilizofanya makunyanzi kama bati la nyumba, gari laweza kuitikisa bolti hiyo maelfu ya mara kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo bolti iliyoonekana imelegea wakati wa kufungua ekseli ndiyo mbaya kuliko zote, hata kama inang'aa na hesi zake ni nzima. Nayo isitupwe peke yake: zile za jirani zake, zilizokuwa zikichukua mzigo wake, ziondolewe pamoja nayo. Hii ndiyo sababu fundi mwenye busara hafungui bolti zote kwa haraka na kuzichanganya katika mkebe mmoja. Hutia kila fungu mahali pake, na hukumbuka ipi ilitoka kwa taabu na ipi ilitoka kwa vidole.

ZILE ZISIZORUDISHWA

Ziko bolti ambazo hazina haja ya kuchunguzwa. Zikiisha kufunguliwa, kazi yake imekwisha.

Za kwanza ni zile bolti zilizopindwa mfano wa kiatu cha farasi, ambazo mafundi huziita yubolti, zinazoishika ekseli juu ya springi. Watengenezaji wa springi za malori husema wazi kwamba zisifungwe mara ya pili. Yubolti hukazwa kwa nguvu nyingi mno, hesi zake huvutika, na sehemu iliyokuwa nje ya nati huliwa na kutu na matope. Nati inaporudishwa hupita juu ya hesi zilizoharibika, husugua na kukwama, na spana huonyesha kwamba imekaza, kumbe nguvu yote imekwisha katika msuguano na springi haijabanwa. Ekseli ikianza kucheza juu ya springi, ile bolti ndogo ya katikati ya mapau hukatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na gari huenda mshazari kama kaa. Dereva akiwa amepakia magunia ya mahindi, na yuko katika kona, hataweza kulirudisha.

Za pili ni zile zinazoshika gia kubwa ndani ya difu, ile ambayo mafundi huiita krauni. Hizo huzunguka ndani ya mafuta mahali pasipoonekana na mtu. Moja ikitoka, huanguka kati ya meno ya gia. Pengine hupasua kikombe cha difu tu, na mwenye gari akapata hasara ya fedha. Pengine huzikwamisha gia kabisa, na magurudumu ya nyuma yakasimama ghafula gari likiwa katika mwendo. Mtu aliyekwisha kununua beringi za difu, kisha akazuia fedha ya bolti chache za krauni, amefanya hesabu isiyo na akili.

Za tatu ni bolti za propela, yaani zile nne zinazounga propela na difu, na nne nyingine upande wa juu. Ni ndogo, na kwa sababu ya udogo wake hudharauliwa. Lakini na afikiriwe mwenye Land Rover ya namna ya zamani. Katika magari hayo breki ya mkono haifanyi kazi katika magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya gia, mahali inapoanzia propela. Bolti za propela ya nyuma zikikatika, breki ya mkono hushika ngoma tu, na magurudumu ya nyuma yako huru. Mtu aliyeliegesha gari lake kwenye mtelemko, tuseme pale Mai Mahiu ambapo barabara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, akavuta breki ya mkono na kutoka kutazama gurudumu, aweza kuliona gari likiondoka peke yake. Ndivyo ilivyo pia ikiwa hafushafti imekatika. Basi bolti nne mpya, zilizo ngumu, pamoja na nati zake za kujifunga, ni bei ndogo.

Katika magari ya siku hizi kuna bolti za namna nyingine ambazo kwa makusudi hukazwa mpaka zianze kuvutika kupita kikomo chake. Dalili yake mara nyingi imo katika kitabu cha gari: hakisemi tu nguvu ya kukazia, bali husema ikazwe kwa nguvu fulani, kisha izungushwe zaidi kwa nyuzi 90, au nyingine kama hizo. Bolti ya namna hiyo hutumika mara moja. Kitabu chenyewe kwa kawaida husema hivyo, na hakuna fundi ajuaye kuliko kitabu.

Pamoja na hizo zitupwe vitu vidogo vyote vya kuzuia nati isilegee: nati zenye pete ya nailoni ndani, ambayo ikiisha kukatwa na hesi mara moja haishiki vema mara ya pili, washa zenye ulimi unaokunjwa juu ya nati, kwa kuwa ulimi uliokunjwa na kukunjuliwa hupasuka, na zile pini za waya zinazopitishwa katika tundu la nati na kupindwa ncha. Ni desturi mbaya sana kunyosha pini ya zamani kwa nyundo na kuirudisha katika nati ya beringi ya gurudumu. Hakuna kitu katika gari kilicho rahisi kuliko pini hiyo.

Mwisho, bolti yoyote iliyotiwa moto wa gesi ili ilegee, hata ikiwa ni ya kazi ndogo, isirudishwe. Ugumu wa bolti hizi hutokana na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Moto wa gereji huondoa kazi hiyo yote kwa dakika moja, na bolti hubaki laini kama msumari, ingawa alama ya kichwani haijafutika.

KUCHUNGUZA ZINAZOBAKI

Zikiisha kuondolewa hizo, hubaki nyingi ambazo zaweza kurudi: za kifuniko cha difu, za kisahani cha breki, zile zinazoshika kichwa cha difu kwenye ekseli, na za sahani ya hafushafti kwenye habu. Kwa hizi hakuna sababu ya kutumia fedha bila kutazama, lakini kutazama kwenyewe ni kazi, si kupepesa macho.

Zioshwe kwa mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi ya waya, kwa mkono. Zisitiwe katika maji makali ya betri ili kuondoa kutu, kama wafanyavyo watu wengine. Asidi inapokula chuma hutoa hewa iitwayo haidrojeni, nayo huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kigae. Ubaya wake ni kwamba bolti huonekana safi sana, hukazwa vizuri, kisha hukatika baada ya muda hali gari limesimama. Kadiri bolti ilivyo ngumu ndivyo hatari hiyo inavyozidi.

Kisha fundi achukue nati mpya ya namna ile ile na kuizungusha kwa vidole kutoka mwanzo wa hesi mpaka mwisho. Ikienda sawasawa, vema. Ikienda vizuri, halafu ikawa ngumu mahali fulani, halafu ikalegea tena, bolti hiyo imevutika mahali pale. Njia nyingine ni kuzilaza hesi za bolti ya zamani juu ya hesi za bolti mpya, meno kuingia kati ya meno, kama vitana viwili, na kuziinua kuelekea mwangani. Mwanga ukipita mahali popote, meno hayalingani tena. Isichukuliwe dai ya kukatia hesi ili kuisaidia nati ipite. Dai haiponyi bolti iliyovutika. Hukata chuma kilichobaki na kuificha dalili.

Kuna njia ya kale ya kutafuta nyufa iliyotumiwa sana katika karakana za reli, na yaweza kufanywa na mtu yeyote. Bolti hulowekwa katika mafuta ya taa kwa muda wa saa kadha, kisha hufutwa mpaka ikauke kabisa, kisha hupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi katika chaki. Hasa pachunguzwe chini ya kichwa. Njia hiyo haionyeshi kila ufa, lakini huonyesha iliyo mikubwa, na gharama yake ni kipande cha chaki. Bolti yenye vishimo vya kutu katika hesi, au iliyoliwa na kutu chini ya kichwa, haina haja ya chaki. Magari ya pwani, yanayopata hewa ya chumvi, yana nyingi za namna hiyo kuliko ya bara.

NYINGINE MPYA NI MBAYA KULIKO ZA ZAMANI

Hapa ndipo wengi huingia katika mtego. Mtu akisikia kwamba bolti zake ni mbovu, huenda katika duka la kwanza alionalo na kuuliza bolti zenye unene ule ule. Muuzaji humpa za kung'aa sana, naye hurudi na furaha. Lakini kung'aa ni rangi ya juu tu. Ugumu wa bolti ya milimita huandikwa kichwani kwa tarakimu, kama vile 8.8, au 10.9, au 12.9. Tarakimu ya kwanza huonyesha nguvu ya chuma: 8 maana yake kila milimita mraba yaweza kuvutwa kwa uzito wa kilo 80 hivi kabla ya kukatika, na 10 maana yake kilo 100 hivi. Tarakimu ya pili huonyesha ni sehemu ngapi kati ya 10 za nguvu hiyo zaweza kutumika kabla bolti haijaanza kuvutika isirudi. Bolti za inchi za namna ya Kimarekani huwa na mistari badala ya tarakimu: mistari 3 kwa bolti ngumu kiasi, na mistari 6 kwa ngumu zaidi. Isiyo na alama yoyote ihesabiwe kuwa laini.

Tofauti yake si ndogo. Bolti yenye unene wa milimita 12 na alama 8.8 huanza kuvutika isirudi ikifikia mvuto wa tani 5 na nusu hivi. Bolti laini ya unene ule ule, ya alama 4.6, huanza kwa tani 2 tu. Zikiwekwa pamoja katika kiganja, hakuna atakayezitambua kwa macho. Fundi akiikaza ile laini kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu, ataivuta kupita kikomo siku ya kwanza, na gari litatoka gereji likiwa na bolti ambayo imekwisha kuharibika. Kwa hiyo bolti ya zamani yenye alama, iliyochunguzwa na kuonekana nzima, yapita mbali mpya isiyo na alama. Na ikiwa ile ya zamani ilikuwa 10.9, mpya isiwe 8.8.

Si wauzaji wote wadanganyifu. Katika maduka ya vipuri, kama yale ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, zinauzwa bolti za kila namna, na muuzaji hutoa ile aliyoulizwa. Mnunuzi aliyechukua bolti yake ya zamani mkononi, akasoma alama yake na kuitaja, hupata anachotaka kuliko yule asemaye "nataka bolti kubwa". Ama zile zinazotolewa katika magari yaliyokwisha kuvunjwa, hakuna ajuaye zilikazwa na nani, wala gari lile liliangukaje.

Jambo jingine la kuangaliwa ni namna ya hesi. Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kipimo chake cha hesi mwaka 1841, na kwa miaka mingi magari ya Kiingereza yalifuata kipimo hicho au vile vilivyotokana nacho. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya hesi moja mpya, na baadaye magari mengi yakaingia katika milimita. Kwa hiyo Land Rover moja iliyotengenezwa miaka ile ya mageuzi yaweza kuwa na hesi za namna mbili katika mwili mmoja. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12 katika kila inchi, na ile ya namna mpya ina 13. Bolti ya milimita 8 yaingia mizunguko michache katika nati ya 5 kwa 16 ya inchi, kwa sababu unene wao karibu ni sawa, kisha hukwama. Fundi mwenye mikono yenye nguvu huongeza urefu wa spana na kuilazimisha, na tundu la ekseli likaharibika daima. Bolti ambayo haiingii kwa vidole angalau mizunguko mitano si yake.

KUFUNGA TENA

Hata bolti bora yaweza kuharibiwa katika kufungwa. Katika kila sehemu 10 za nguvu ambazo mkono huitia spana, karibu 9 huliwa na msuguano, chini ya kichwa na ndani ya hesi, na moja tu hivi ndiyo inayoivuta bolti. Ndiyo sababu kutu na uchafu katika hesi hudanganya: spana husema imetosha na mbano haupo. Na ndiyo sababu mafuta mengi pia hudanganya, kwa upande wa pili: msuguano hupungua, na nguvu ile ile huivuta bolti kupita kiasi. Hesi ziwe safi, na zitiwe mafuta au ziachwe kavu kama kitabu cha gari kisemavyo, si kwa mazoea. Gundi ya zamani ya kufungia hesi iondolewe yote, katika bolti na katika tundu, kabla ya kutia mpya.

Wenye magari hupenda sana kupaka ekseli rangi ikiisha kutengenezwa, nayo hupendeza. Lakini rangi isiwe katikati ya nyuso mbili zinazobanwa pamoja, wala chini ya nati za magurudumu, wala mahali yubolti inapokalia. Rangi nene husagika gari likitembea, na unene wake ukiisha kuondoka, bolti hupoteza ule mvuto wake na kulegea bila nati kuzunguka hata kidogo. Magurudumu mengine yametoka barabarani kwa sababu ya uzuri huo.

Nati zikazwe kwa kuvuka, ya upande huu kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo kwa mizunguko miwili au mitatu, na mwisho kwa spana yenye kipimo. Gereji isiyo na spana hiyo yafaa iazime kwa jirani kwa ajili ya difu, yubolti na magurudumu, kwa kuwa mkono wa mtu mwenye nguvu na mkono wa mwanafunzi wake haviwezi kuwa sawa. Katika malori mengi ya zamani ya Kiingereza nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume. Asiyejua hilo hukata bolti akidhani ni kutu.

Gari likiisha kutembea kilomita 50 mpaka 100, nati za magurudumu zikazwe tena, na yubolti pia, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake na si juu ya jeki. Kisha kila nati ichorwe mstari wa rangi, kutoka juu yake mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Dereva au tanboi akipita asubuhi na kuinama, ataona mara moja nati iliyozunguka, kwa sababu mstari wake utakuwa umekatika.

Zile bolti zilizokataliwa zisirudi katika mkebe. Zikatwe kwa msumeno siku ile ile, au zipindwe kwa nyundo, maana mkebe wa gereji hauna kumbukumbu, na fundi mwingine atakayekosa bolti moja Jumamosi jioni ataingiza mkono humo na kuitoa.